Mpini Uliopita Ukutani: Maisha ya Mzee Konstantino Nyangwine Mogesi (1952–2025)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mbalibali leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, asanteni kwa kuacha kazi zenu. Wasifu huu umeandikwa na Winfrida, dada mdogo wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba asifanywe malaika, na kwamba maneno yasiwe mengi hadi watu waanze kutazama upande wa masufuria. Agizo la kwanza halina taabu kwa mtu aliyekua naye.

Mzee Konstantino Nyangwine Mogesi alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 katika kijiji cha Nyambureti, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mogesi. Alibatizwa akiwa na miaka sita, baada ya baba yake kubishana na katekista misimu miwili mizima. Katika wale saba amebaki Winfrida peke yake.

Alianza shule mwaka 1962 na kuishia darasa la nne mwaka 1965. Hesabu alizipenda, kukaa kimya hakukuweza. Siku moja mwalimu alitoka kunywa chai akaikuta baiskeli yake imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, na Konstantino amechuchumaa pembeni anavihesabu. Alichapwa sawasawa, kisha akaamriwa airudishe ilivyokuwa. Akairudisha, na jioni baiskeli ikawa inakwenda bila ile kelele iliyokuwa nayo miaka yote. Kuanzia wiki ile walimu wote walimletea baiskeli zao, na viboko vikapungua kidogo.

Kuanzia mwaka 1968 alikuwa fundi baiskeli Mugumu. Mwaka 1979 dhahabu ilimwita Kerende, kama ilivyowaita wengi. Kule wachimbaji wadogo walikuwa wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kwa kamba, na kamba ile ilizungushiwa gogo lenye mipini miwili, mtu huku na mtu huku. Konstantino alishika mpini mmoja wa gogo hilo kwa miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba ukishika mpini wenye mtu upande wa pili wa kamba, huchezi, hupigi soga na hufikirii pombe. Baadaye akaanza kushuka mwenyewe. Septemba 1993, akiwa amebeba kiroba cha mawe begani, ngazi ilikatika. Hakufa, lakini mgongo wake haukuwa mgongo tena. Hospitalini aliambiwa asinyanyue kitu kizito maisha yake yote. Mwaka 1995 alihamia hapa Mbalibali akageuka seremala, na vitanda vingi mnavyolalia vimetoka mkononi mwake.

Tumeiruka ndoa, tuirudie. Tarehe 25 Julai 1981 alifunga ndoa na Felista, binti wa Kerende aliyekuwa akiuza uji karibu na maduara. Konstantino alikuwa akinywa uji huo mara tatu kwa siku, hadi Felista akamwambia kwamba tumbo lake ni dogo kuliko visingizio vyake, aseme anachotaka. Akasema. Mungu aliwapa watoto watatu. Wawili walitangulia wakiwa wachanga, akabaki Steven, aliyezaliwa mwaka 1986.

Sasa kiti. Wengi wenu mmekuja leo mkitaka kukiona, na si vibaya. Mwaka 2001, baada ya mvua za masika, Konstantino alijifungia karakanani wiki sita. Alichotoka nacho ni kiti cha mbao chenye minyororo miwili ya baiskeli nyuma ya mgongo, na juu ya minyororo hiyo magurudumu kumi na mawili ya mbao, kila moja kama yai la bata. Mpini ukizungushwa, magurudumu yanapanda kutoka kiunoni hadi mabegani na kushuka tena, yanakanda. Mpini ulikuwa nyuma. Aliyekaa hakuweza kujizungushia, ilikuwa lazima awepo mtu wa pili. Watu walimwuliza fundi mzima ametengenezaje kitu kisichofaa kwa mtu mmoja. Alijibu kwamba alipimia ndoa yake, na ndoa yake ilikuwa na watu wawili.

Mara ya kwanza alisahau kuweka ngozi kati ya minyororo na mtu. Mzee Kisyeri, rafiki yake wa tangu Kerende, ndiye aliyekaribishwa kukizindua, naye alikaa na koti lake la Jumapili. Kiti kilishika koti pale kiunoni kikalipandisha hadi shingoni, na Mzee Kisyeri akiwa ndani yake. Yupo hapa mstari wa mbele, na koti lile hadi leo analitaja. Wiki iliyofuata ngozi ya ng'ombe iliwekwa.

Kwa miaka kumi na tano, kila jioni baada ya kukamua ng'ombe, Felista alisimama nyuma ya kiti akazungusha. Akimaliza, wanabadilishana. Mama huyu alikuwa na akili. Akiwa na jambo lake alilianza polepole mpini ukizunguka, na Konstantino akikataa, mpini ulisimama. Hakugombana wala hakununa, alisubiri tu. Baada ya muda sauti ilitoka kitini: "Haya Felista, nimekubali." Bati la nyumba hii lilipatikana hivyo. Hata Robi alipoposwa mwaka 2011 kuwa mke wa Steven, baba mkwe wake alikubali hivyo hivyo, mgongo ukimuuma.

Felista alifariki tarehe 3 Machi 2016 kwa ugonjwa wa kisukari. Konstantino alikifunika kiti kwa kitenge cha mkewe na hakukikalia kwa miaka mitatu. Januari 2018 Steven naye aliondoka kwenda kutafuta dhahabu mikoa ya kusini. Alipiga simu miezi ya mwanzo, kisha simu ikawa haipatikani. Mji wa Mzee Konstantino ukabaki na yeye, Robi, na wajukuu wawili wadogo, Neema na Nchagwa.

Hapa wageni kutoka mbali waelezwe kidogo. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mkwe haingii chumba cha baba mkwe, hamgusi, hamtazami usoni. Chakula kinapelekwa na mtoto, na maneno vilevile. Heshima hii Konstantino aliishika kuliko wazee wengi. Basi asubuhi nyingi alishindwa kuinuka kitandani, akawa analia kwa kuuma meno, na Robi amesimama uani anasikia kila kitu na hawezi kufanya lolote. Wajukuu mpini uliwashinda. Winfrida alikuwa mbali, Kerende, kwa mumewe.

Juni 2019 Winfrida alikuja kusalimia. Robi akamwamkia shikamoo, akampa maji, kisha akasema jambo alilokuwa amelifikiria muda mrefu. "Shangazi, mwambie baba atoboe ukuta. Mpini uje huku nje, mimi nitazungusha. Sitamwona."

Konstantino alikaa na neno hilo siku tatu. Siku ya nne aliomba patasi. Alitoboa tofali, akapitisha bomba la chuma kutoka kwenye kiti hadi nje upande wa jikoni, akafunga mpini upande ule. Yeye alikaa ndani, mgongo ukutani, uso mlangoni, akitazama barabara. Robi alisimama nje chini ya upenu, akitazama tofali. Wazee wa ukoo hawakulala. Walikuja kuuliza kama hiyo siyo kumgusa baba mkwe kwa chuma. Walibishana asubuhi nzima, hadi Mzee Kisyeri akasema: "Ukuta ni ukuta. Mimi sioni mkono hapa." Wakanywa togwa, wakaenda zao.

Miezi minne walifanya kazi hiyo bila neno. Robi akisikia mlango wa ndani umefungwa, anajua imetosha. Kisha jioni moja ya Oktoba, Nchagwa aliangukia jivu akalia, na Robi akauacha mpini akamwinua mtoto. Ndani, Konstantino alikuwa amefumba macho. Mpini uliposimama, mdomo wake ukasema wenyewe: "Haya Felista, nimekubali."

Robi akasogea ukutani na mtoto mkononi. Akauliza kwa upole, "Umekubali nini, baba?"

Akamweka mtoto chini. Aliporudi kuzungusha, sauti ilianza kutoka ndani, kidogo kidogo, ikaeleza habari za uji, na bati, na jinsi mpini ulivyokuwa ukisimama. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu Robi aolewe, na jioni ile yaliendelea hadi kiza kikaingia. Baada ya hapo waliongea kila siku. Mmoja alikuwa na hamu na mke aliyeko kaburini, mwingine alikuwa na hamu na mume asiyejua aliko, na bomba moja katikati. Robi amemwambia Winfrida kwamba Felista alimjua akiwa hai, lakini kumpenda alimpendea ukutani hapo.

Mwaka 2024 kaka zake Robi walikuja. Walisema miaka sita ni mingi kwa mwanamke kumsubiri mtu asiyepiga hata simu, arudi kwao. Hawakuja kwa ubaya. Robi aliwaambia atafikiri. Majirani nao walikuwa na lao, kwamba mwanamke asiye na mume katika mji ni mgeni anayepika. Neno hilo lilimfikia, na lilimkaa.

Februari 2025 marehemu alianza kupungua mwili. Aprili alipelekwa hospitali ya rufaa, akagundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwishaingia mifupani. Alikataa kulazwa. Alisema mfupa wake umezoea kukandwa nyumbani.

Katikati ya Julai, jioni, aliuliza kupitia ukutani jambo ambalo alikuwa akiliogopa. Alimwambia Robi kwamba kaka zake wana haki, na kwamba akitaka kwenda, aende na baraka zake, hakuna atakayemzuia. Robi aliendelea kuzungusha. Akauliza, nani atashika mpini.

"Siulizi habari ya mgongo wangu," alisema Mzee. "Nauliza habari ya moyo wako."

"Moyo wangu uko hapa, baba. Steven nitamsubiri, nisipomsubiri nitajua mwenyewe. Lakini wewe ukiondoka, mimi hapa nitakuwa nani?"

Swali hilo hakulijibu jioni ile. Jumapili ya tarehe 27 Julai aliwaita wazee, akamwita na Winfrida kutoka Kerende. Akakaa kwenye kiti chake, Robi yuko nje kwenye mpini. Akasema mbele ya wote kwamba tangu siku ile Robi si mkwe wake. Ni mtoto wake. Nyumba hii na shamba la mtoni ni lake na wanawe, na siku ya mazishi ahesabiwe na watoto, si na wakwe.

Wazee walitazamana. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, kwamba ikiwa Robi amekuwa binti wa mji, Steven akirudi ataingia kwa nani, kwa dada yake?

"Steven akirudi," Konstantino akasema, "mwambieni aje na posa. Ataikabidhi kwa Winfrida."

Watu walicheka hadi machozi, na machozi ya wengine hayakuwa ya kicheko. Nje mpini haukusimama.

Kwa sababu mtoto hakatazwi kuingia kwa baba yake, asubuhi iliyofuata Robi aliingia na uji mwenyewe. Hawakujua watazame wapi, wote wawili. Siku zilizobaki alimkanda mgongo kwa mikono yake, kwa samli, na kiti kilikaa kimya. Kitanda walikigeuza ili macho yake yaelekee mlangoni. Kila asubuhi aliuliza kama kuna mtu barabarani, na kila asubuhi Robi alijibu, "Bado, baba." Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa mbili asubuhi, aliuliza, akajibiwa, akavuta pumzi na kuiachia. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Winfrida alikuwa mlangoni. Alimwona Robi akiendelea kumkanda kwa muda, kwa sababu mgongo ulikuwa bado na joto.

Marehemu ameacha dada mmoja, Winfrida, na wajukuu wawili, Neema na Nchagwa. Ameacha watoto wawili. Wa kwanza ni Steven. Jina lake limetangazwa redioni mara mbili wiki hii, na nafasi yake pale kaburini imeachwa wazi. Steven, kama kuna atakayekufikishia karatasi hii, baba yako hakukukasirikia, alikutamani tu. Njoo, na umesikia uje na nini.

Wa pili ni Robi. Robi mwanangu, toka huko kwenye jiko, waachie wengine vyungu. Njoo usimame hapa mbele. Udongo wa kwanza wa mtoto utatupwa na wewe.

Mungu ampokee Konstantino, ampe mahali pazuri pa kulaza mgongo wake, karibu na Felista. Amina.