Vikaratasi Chini ya Majalada

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba za Umma, nanyi wenzetu mliokaa mbele,

Karibuni. Sisi ni mafundi watatu wa chumba cha kujalidi vitabu, kule nyuma karibu na tangi la maji. Kwenye ratiba hatumo. Tumeomba dakika tano, tukapewa tatu.

TULIKOTOKA
Mpango wa vitabu vya watoto wachanga una miaka sita. Kila Jumanne mwenzetu, Dada Mkoba, huenda kliniki na begi lake, huwasomea wazazi wapya na wanao, kisha huwaazima vitabu. Vikirudi vinapitia kwetu kwanza, vimelowa mate, pembe zimetafunwa.

MAFANIKIO
Hatujatupa hata kimoja. Mkuu wetu, Mama Gundi, huwajua watoto kwa alama za meno. "Huyu kaota la pili," husema huku akipaka gundi. Lakini hajawahi kumwona hata mmoja wao akifunua ukurasa. Aliwahi kuomba naye aende kliniki.

"Mama, wewe baki na gundi yako," Dada Mkoba alimjibu. "Watoto niachie mimi."

Mama Gundi alicheka, ila neno lile lilimkaa rohoni.

CHANGAMOTO
Changamoto yetu, mgeni rasmi, ni wivu. Picha zote ukutani ni za Dada Mkoba, na makofi ni yake. Hata wazazi huacha vikaratasi ndani ya vitabu: "Dada, mwanangu alikuwa halali, siku hizi nikimsomea anatulia." "Dada, mimi baba yake sikujua niongee naye nini. Sasa najua."

Kila siku Dada, Dada. Mama Gundi akaanza kuvibandika vikaratasi hivyo chini ya karatasi ya ndani ya jalada, anaziba, anaendelea na kazi. Mwishowe hata kuvisoma aliacha. Sisi wawili tuliona tukanyamaza, maana nasi roho zilituuma.

Sasa barua yako inasema mpango unafungwa leo, kwa kuwa kwa miaka yote sita hakuna mzazi aliyeandika hata neno moja. Dada Mkoba amelia chooni. Mama Gundi hata chakula hali.

MAOMBI
Tunaomba usitie saini. Vitabu mia mbili na kumi viko mezani kwetu, na kisu kipo. Twende tukavifungue pamoja. Dada Mkoba, tumekukosea, na tunakuomba radhi mbele ya watu. Adhabu tutaipokea.

Ili tusije na maneno matupu, asubuhi tumefungua kimoja. Mama mmoja ameandika: "Dada, nisalimie na huyo fundi anayetutengenezea vitabu. Mwanangu amekitafuna hiki, atusamehe." Kikaratasi hicho kina miaka minne humo ndani. Mama Gundi amekisoma mara tatu, na ndiyo sababu risala hii haisomi yeye.

Mungu akupe afya na moyo wa kusikiliza, na awakuze watoto hao wote.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Kujalidi