Herufi K ya Mama Chapchap

Nje ya duka la kuchapa na kutoa nakala kuna benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, mguu wake mmoja umewekewa tofali. Kila asubuhi hukaa hapo watu walewale: Mgambo, mlinzi wa benki anayetoka zamu na hataki kwenda kulala, Msusi, mwenye saluni mlango wa pili, na Fundi Soli, mshona viatu, ambaye kibanda chake kinaanzia pale benchi linapoishia. Birika, muuza kahawa, huwamiminia. Mwenye duka, wanayemwita Stempu, naye hutoka kukaa nao, na tangu amzike mkewe hutoka mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye duka. Mkewe, Mungu ampumzishe, ndiye aliyekuwa mchapaji. Walimwita Mama Chapchap. Kipanya cha kompyuta hakukishika. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kikatokea kisanduku kidogo katikati ya skrini, akaandika herufi moja au mbili, na faili aliyoitaka ikafunguka kabla mteja hajamaliza kusalimia.

Asubuhi hiyo mteja mmoja alitoka dukani akisonya, akavuka barabara, akaingia duka la kuchapa la upande wa pili. Stempu akatoka nyuma yake taratibu, akakaa.

— Mwingine huyo kakimbia, alisema Mgambo.

— Usianze.

— Naanza. Mimi nimemaliza kikombe kizima, wewe bado unafungua folda ndani ya folda. Unakwenda na kipanya kama mtu aliyeangusha sindano gizani. Ukiendelea hivi, duka utalifunga.

— Shemeji, Msusi akaingilia kwa sauti ya chini, si utumie kile kisanduku cha marehemu?

— Sikiwezi.

Ulikuwa uongo. Stempu alikuwa mtu wa sala, na uongo hakuuzoea, hasa asubuhi mapema namna ile.

— Hata mimi nisingekiweza, alisema Fundi Soli. Kile kimezoea vidole vyake. Kiatu kikivaliwa miaka kinashika umbo la mguu wa mwenyewe. Ukikivaa wewe kinakubana. Kibodi ni ngozi tu, ila imekauka zaidi.

— Si vidole, ni kucha, alisema Msusi. Kucha zile nilikuwa nampaka mimi. Kompyuta inasikia mlio wake, tak-tak, inajua mwenyewe kaja. Shemeji, lete mkono, nina rangi ya zambarau.

— Mpake na ndevu, alisema Birika.

Mgambo aliweka kikombe chini, akajisogeza mbele kama mtu anayetaka kutoa siri ya benki.

— Nyote hamjui. Mle ndani kuna mtu.

— Ndani ya kompyuta?

— Ndani ya ofisi moja, mbali huko. Kuna karani kakaa. Ukibonyeza vile vitufe viwili, ni kama umemgongea mlango. Unamtajia herufi, anakwenda kabatini, anakuletea faili. Sasa yule karani alizoeana na mama. Akigongewa na mwanamume, ananyamaza.

— Na analala saa ngapi?

— Kwa zamu. Kama mimi.

— Kama wewe! Fundi Soli akapiga paja. Basi ndiyo maana faili hazipatikani!

Walikuwa bado wanacheka alipofika dada mmoja amevaa sare ya uuguzi, jasho usoni, mkoba kifuani.

— Hamjambo hapa? Baba, pole sana kwa msiba, nimesikia. Mama alinichapia barua ya kuomba kazi, akaniambia ameihifadhi. Naitwa kwenye usaili saa tano, na ile nakala yangu imelowa mvua.

— Kaa, dada yangu, alisema Mgambo. Hapa barua hupatikana jioni.

Muuguzi akatazama saa yake, akatazama duka la upande wa pili, akamtazama tena Stempu. Barua yake haikuwa ng'ambo ile. Ilikuwa hapa. Stempu aliuona uso ule, na ule uongo wa asubuhi ukamzidi.

— Nakiweza kile kisanduku, alisema. Alinifundisha mwenyewe.

— Ee! Sasa unatutesa nini? alisema Mgambo.

— Kinakumbuka. Kitu unachokifungua mara nyingi ndicho kinachokaa juu. Nikiandika k, ilipaswa kuja folda ya Kazi za Wateja. Haiji hiyo. Inakuja Karata.

Vichwa vyote vikamgeukia.

— Karata ule mchezo? Msusi akauliza.

— Mchezo.

— Mungu wangu! Na mimi nikimwita aje asukwe ananiambia kazi zimemfika shingoni!

— Kumbe haraka yote ile, alisema Fundi Soli, alikuwa anawahi karata.

Stempu hakucheka.

— Nikianza kufungua Kazi za Wateja kutwa nzima, Karata zitashuka. Zitashuka, mpaka zitokomee chini huko. Nitakuwa nimemwondoa kwa vidole vyangu mwenyewe. Ndiyo maana nazunguka na kipanya.

Birika alisimama na kikombe mkononi bila kukijaza. Muuguzi akakohoa kidogo.

— Samahani, baba. Alikuwa anashinda?

— Nani?

— Mama. Kwenye karata.

Fundi Soli akamtazama Msusi, Msusi akamtazama Stempu. Stempu, aliyeishi na mwanamke yule tangu ujana, hakujua.

Aliinuka, akaingia ndani. Kipanya alikisukuma pembeni. Vitufe viwili. Herufi k. Karata zikafunguka, na juu yake hesabu ya michezo yote aliyocheza. Wa nje walisikia sauti kama ya mtu anayepaliwa, wakainuka wote, Msusi tayari kashika leso. Kumbe anacheka.

— Alikuwa anashindwa! Anashindwa vibaya, jamani! Kushinda ni kwa kubahatisha tu!

— Ndiyo maana alikuwa anarudi, alisema Msusi, akajifuta macho kwa leso ileile.

Stempu akabonyeza tena vile vitufe viwili. Safari hii hakuandika k. Aliandika w, ya Wateja, na k akamwachia mwenyewe, Mama Chapchap. Printa ikanguruma. Muuguzi akatoka na barua yake ingali ya moto, akaondoka mbio akishukuru njia nzima.

Birika aliinamisha birika. Likatoa matone mawili, basi.

— Stempu! Mgambo akaita. Njoo, benchi limekukosa!

— Ngojeni, sauti ikajibu kutoka ndani. Mashine imenishinda na mimi. Nagawa karata tena.