Fundi Ipoe, Msuka Mota Aliyemngoja Dereva Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na ovaroli zenu: tunayemsindikiza leo ni kaka yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Ipoe. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Familia imenipa kazi hii kwa sababu eti nina sauti kubwa. Ni kweli ninayo, lakini leo sina uhakika nayo, kwa hiyo nikinyamaza katikati mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Alikulia ndani ya harufu ya petroli na hakuipenda hata siku moja. Mama aliuza vitambaa sokoni. Marehemu akiwa darasa la saba, Baba aliugua, na alasiri moja Mama akiwa bado sokoni, Baba akazidiwa. Kaka aliketi naye kitandani. Baba alikuwa akiuliza, "Mama yenu amefika?" Naye alimjibu, "Anakuja, Baba. Yuko njiani." Waliendelea hivyo, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, mpaka Baba akaacha kuuliza. Mama alifika jioni na mzigo wake kichwani, akakuta shuka limeshavutwa juu. Toka siku hiyo kaka yetu alikuwa na hofu moja tu, na hakumficha mtu: hofu ya kufa kabla mtu wake hajafika nyumbani.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo mtaani, kisha mwaka 1984 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme wa mitambo, akahitimu mwaka 1986. Walimu wake walimsifu kwa mikono yake, si kwa utii. Akiwa sekondari aliifungua feni ya ofisi ya mwalimu mkuu ili aone kinachoizungusha. Aliirudisha vizuri, kasoro jambo dogo tu: ikawa inazunguka kinyume na kupuliza dari. Mwalimu mkuu alitoka jasho muhula mzima akilaumu hali ya hewa, na darasa zima likafunga midomo. Kaka aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua kazi atakayoifanya maishani, maana mtu hawezi kuharibu kitu kwa ustadi namna ile halafu akakiacha.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika karakana ya kusuka mota. Mota za pampu za maji, za vinu na za feni zililetwa zikinuka moshi, naye alizing'oa nyaya zilizoungua na kuzisuka upya kwa waya mpya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kisha akazipaka vanishi na kuziacha zikauke. Ni kazi ya subira, na mwanzoni hakuwa nayo. Alifundishwa na aliyekuja kuwa mkewe, ingawa si kwa njia mnayoidhani.

Mwaka 1993 alikuja karakanani mwanamke mwembamba, dereva wa teksi, ameshika stata iliyoungua, ile mota ndogo ya kuwashia gari, kama mtu aliyeshika kuku. Kaka akamwambia, "Iache, njoo kesho." Yule mwanamke akavuta kreti akaketi.
"Nitangoja hapa hapa."
"Dada, haraka haraka haina baraka."
"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Endelea na kazi yako, fundi."
Aliitengeneza siku hiyo hiyo. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Mpaka mwisho yeye alimwita mkewe Dereva, na mkewe alimwita Fundi. Watu waliodhani ni utani wa kazi hawakujua kilichokuwa ndani ya majina hayo. Wifi yangu alishinda barabarani na kaka yangu alishinda akimngoja, na maisha yao ya ndoa yalikuwa hivyo. Alizoea mngurumo wa lile gari la dizeli kiasi kwamba likikata kona tu kwenye tangi la maji, alikuwa ameshaweka chai motoni. Dereva akichelewa, Fundi hakuwa na raha. Angekunja gazeti, angelikunjua, angetuuliza sote kama tumesikia kitu.

Magari ya umeme yalipoanza kuonekana mitaani, wenzake wengi walisema ni upepo tu, utapita. Yeye mwaka 2017 alikwenda kusoma mji wa mbali kwa mwaka mzima, na kila jioni alimpigia mkewe simu kuuliza neno moja: "Umefika?" Alirudi akiwa fundi wa mota za magari ya umeme, na mlango wake ukaanza kuzibwa na wateja. Mteja akija akijisifu kwamba gari lake lina kilowati kadhaa, marehemu alikuwa akikiinamia kile kibati chenye maelezo ya mota na kusema, "Namba hii kubwa ni ya kutambia, inadumu kwa dakika chache tu. Hii ndogo ndiyo ya kuishi nayo. Sasa niambie, inapozwa na nini?" Aliwaeleza wateja wake kwamba mota hizi hazina mambo mengi, hazina plagi wala oili ya injini, ila wasidanganyike wakadhani hazina kabisa. Beringi inayolia isingojwe. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, ikichoka, maji huingia ndani na kula nyaya. Na joto ndilo adui mkubwa, kwa sababu huunguza vanishi na kuzinyong'onyeza sumaku, na sumaku iliyonyong'onyea hairudi ujana. Gari likipungua nguvu mlimani, aliwaambia, linajiokoa. Lisimamishe, liache ipoe. Kisarufi alikosea, na mimi nilimsahihisha miaka yote, lakini alikuwa anaiwaza mota, si gari. Ndipo likatoka jina la Fundi Ipoe.

Mwaka 2019 aliing'oa ile injini ya dizeli katika teksi ya mkewe na kufunga mota ya umeme kwa mikono yake. Chini ya usukani aliweka swichi nyekundu ya kuzima ulinzi wa joto, akamkanya: "Hii usiiguse, labda roho ya mtu iwe hatarini. Ukiibonyeza, mota haitajionea huruma tena." Lilikuwa gari zuri mno. Likaja nyumbani siku ya kwanza bila sauti, na Dereva akamkuta mumewe anatazama ukutani, chai haijawekwa. Kaka alihuzunika kwa dhati. Aliniambia, "Nimetengeneza gari zuri, nikajipunja mwenyewe." Akahamisha kiti chake dirishani, na hapo ndipo mlipokuwa mnamwona kila jioni.

Mjue pia kwamba kinyozi hajinyoi. Magari ya watu aliyabadilishia pampu za maji ya kupozea kabla hazijakohoa. Pampu ya gari la mkewe ilikuwa ikiguna tangu mwaka jana, na kila wifi alipoisema, jibu lilikuwa wiki ijayo.

Mwezi Februari 2025 marehemu alianza kubanwa na pumzi. Madaktari waliona mapafu yake yamechoka, wakamtibu kwa uangalifu, na mwezi Oktoba wakamruhusu arudi nyumbani na mtungi wa oksijeni. Hakuuliza amebakiza muda gani. Alitutazama mimi na mkewe akasema, "Nina ombi moja. Nisiondoke Dereva akiwa barabarani."

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, aliamka mchangamfu. Wifi alikuwa na abiria wake wa kila wiki, bibi mmoja mgonjwa wa figo anayetibiwa ng'ambo ya mlima. Hakutaka kwenda. Kaka ndiye aliyemfukuza: "Nenda, mama wa watu anakungoja. Mimi nipo." Alasiri akazidiwa. Nikampigia wifi; alikuwa ameshamshusha bibi hospitalini, akageuza gari wakati ule ule. Baada ya muda simu yangu ikalia, ni wifi. Gari lilikuwa limeishiwa nguvu katikati ya mlima na linatambaa. Kaka akanionyesha kwa kidole niweke sauti ya juu.
"Pampu," alisema, hata hajaambiwa. "Imekufa. Kosa langu."
"Nifanye nini, Fundi?"
"Simama pembeni. Iache ipoe."
"Mpaka lini?"
"Mpaka mkono uweze kukaa juu yake."
Simu ikakatika. Tuliamini amesimama.

Kaka akafumba macho. Baada ya kitambo akaniuliza, "Dereva amefika?" Nikamjibu, "Anakuja, kaka. Yuko njiani." Nilijua nimesema nini, naye alijua. Akauliza tena, nikamjibu tena. Sijawahi kuyachukia maneno kama nilivyoyachukia hayo, na sikuwa na mengine.

Halafu tukasikia kelele kutoka upande wa tangi la maji, mlio wa chuma kinachosaga chuma, mbwa wote wa mtaa wakaanza kubweka. Kaka akafumbua macho. "Beringi," akasema. "Huyo."

Wifi aliingia na viatu mkononi, nywele zote zimesimama, ananuka moshi.
"Uliibonyeza swichi," kaka alimwambia.
"Niliibonyeza."
"Nilikuambia mpaka roho ya mtu iwe hatarini. Barabarani roho ya nani ilikuwa hatarini?"
"Yangu."
"Umeiua mota yangu."
"Nimeiua, Fundi. Sogea."
Kaka akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye akajisogeza. Wifi akapanda kitandani na moshi wake wote, akamshika mkono. Walizungumza mambo yao. Mimi nilitoka nikakaa jikoni. Marehemu alifariki jioni hiyo, mkewe akiwa amemshika.

Kesho yake vijana wa karakana waliifungua ile mota. Nyaya zote nyeusi, beringi imeshikana, sumaku hazina kazi. Walimwendea wifi kwa adabu wakampa pole ya gari. Akawaambia, "Pole ya Fundi nitaipokea mpaka nife. Ya gari msinipe."

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, sisi dada zake wawili, na mafundi aliowafunza wasioweza kupita gari linalolia bila kugeuka. Nina hamu naye. Nina hamu na ubishi wake, na kikombe chake kilichojaa alama za vidole vya vanishi, na ile sura yake dirishani jua likishuka. Mtaa wetu una magari mengi sasa yasiyo na sauti, na kila moja linapopita nyumbani moyo wangu unainuka kisha unakaa chini.

Apumzike kwa amani kaka yetu, maana aliyemngoja alifika.