Mashine ya Homoni Imepona

Jumatano, saa kumi na nusu jioni, Fundi Mawimbi alitoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio akiwa ameikumbatia mashine ya homoni kama aliyebeba mtoto mchanga, akaiweka katikati ya benchi. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, kati ya kibanda hicho na duka la kutoa fotokopi. Upande wa kushoto una msumari uliochomoza, kwa hiyo huachiwa wageni. Mkabala na benchi, Dada Birika alikuwa amepanga jiko lake la mkaa, birika mbili za kahawa na ndoo ya kuoshea vikombe. Walioketi jioni hiyo walikuwa wale wale. Bando, kijana muuza vifuniko vya simu, hakuwa na habari ya jambo lolote ambalo hakuliona kwenye simu. Mzee Kikao alikuwa tarishi wa ofisi kabla ya kustaafu, na tangu siku hiyo hajaacha kuendesha vikao.

Mashine hiyo Dada Birika alikuwa anaifahamu vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwezi wake ulikuwa umeanza kuruka, mara uje mapema, mara usije kabisa, na joto lilimpanda ghafla kifuani mpaka usoni hata akiwa mbali na jiko. Wiki tatu nyuma alipita mtu mwenye koti jeupe na begi la magurudumu, aliyejiita Mtaalamu. Akamshikisha kijiti cha chuma, kioo kikawaka chekundu, na Mtaalamu akasoma kwa sauti ya mnadani: homoni zimeshuka, kizazi kimejaa uchafu. Akamuuzia kopo la unga wa kusafishia. Damu ikitoka kwa wingi, alisema, asishtuke, ndio uchafu unaondoka. Damu ikatoka kwa wingi. Haikukoma. Sasa kesho asubuhi Mtaalamu angepita kuchukua mashine yake, iliyomzimikia njiani, na kumletea kopo la pili.

— Jamani, mgonjwa amepona! alisema Fundi Mawimbi.

— Mgonjwa yupi, mashine au Dada Birika? aliuliza Bando.

Wakacheka. Dada Birika alimimina kahawa bila kuinua macho. Tangu asubuhi alikuwa ameketi mara nyingi kuliko alivyosimama.

— Utulivu, wajumbe, alisema Mzee Kikao. Ajenda ni moja, afya ya dada yetu.

— Nani kaiweka kwenye ajenda? aliuliza Dada Birika.

— Hiyo italetwa kwenye mengineyo. Bando, una dakika mbili.

Bando akajiweka sawa.

— Kuna daktari mmoja namfuatilia kwenye simu, ana wafuasi laki tatu. Anasema lile joto ni damu iliyokosa njia. Inazunguka mwilini weee, ikifika kichwani inachemka.

— Inachemka kabisa? aliuliza Fundi Mawimbi.

— Nyuzi mia.

— Nyuzi mia ni hii kahawa unayoipuliza hapo, alisema Dada Birika. Ningekuwa nimeshaiva, Bando.

— Dada, mimi nakupa elimu, wewe unaleta utani.

— Mimi naona tatizo liko kwenye tarehe, alisema Mzee Kikao. Mwili una utaratibu wake kama ofisi. Mwanamke anastaafu akifika hamsini kamili. Kuanza kurukaruka na arobaini na sita, huo ni utoro kazini. Marehemu mke wangu hakuwahi kuona joto lolote.

— Ulimuuliza? alisema Dada Birika.

— Angeliona ningejua.

— Mzee, uliwahi kujua hata kiatu chake namba ngapi?

Mzee Kikao akanywa funda moja refu la kahawa.

— Ninyi mnaongea ya kusikia, alisema Fundi Mawimbi, akaipapasa mashine mgongoni. Mimi nimeifungua hii, nimeingia ndani. Waya zimepangwa, viungo vimelehemiwa safi, hakuna hata kimoja kilicholegea. Mtu anayelehemu namna hii hawezi kuwa mwongo. Homoni, wazee wangu, ni stesheni. Mwanamke akifika umri huu, mnara unahama. Sasa ule unga ndio antena.

— Antena ya kumeza? aliuliza Dada Birika.

— Inafunguka tumboni.

— Tena afadhali umegusia minara, alidakia Bando. Wanawake wa siku hizi wanaweka simu kifuani. Mawimbi yanashuka moja kwa moja kwenye kizazi. Ndiyo maana nasema kila siku, mtu anunue kifuniko kinene.

— Kwako wewe hata malaria ingetibiwa kwa kifuniko, alisema Fundi Mawimbi.

— Damu bado inatoka, alisema Dada Birika.

Alisema kwa sauti ya chini, akisuuza kikombe. Hakuna aliyegeuka.

— Nimesema damu bado inatoka. Leo kizunguzungu kimenishika, nikajiegemeza kwenye ukuta wa fotokopi. Mdogo wangu ananiambia niende hospitali.

— Hospitali! Bando aliruka kama aliyekaa kwenye ule msumari. Dada, ukitia mguu tu wanakung'oa kizazi. Nimeona video.

— Uliona wakimng'oa nani?

— Kulikuwa na mchoro.

— Mchoro.

— Wenye mshale! Na zile dawa zao za homoni ni kansa mkononi. Zote, kwa kila mtu. Daktari wangu kasema wanaficha.

— Huyo daktari wako kasomea wapi?

— Dada, laki tatu!

Mzee Kikao akagonga kikombe kwenye ubao.

— Tusipoteze muda. Kikao kinapendekeza dada yetu amalizie dozi, apokee kopo la pili kesho. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Bando akanyoosha. Fundi Mawimbi akanyoosha pamoja na kikombe chake. Mzee Kikao, kama mwenyekiti, akanyoosha wa mwisho, akatazama kulia na kushoto kana kwamba ukumbi umejaa.

— Imepita.

Joto likampanda Dada Birika mpaka kwenye masikio, na safari hii hakujua kama ni lile lake la kila siku au ni hasira tupu. Watu watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kutokwa na tone moja la damu ya mwezi, walikuwa wamelipigia kura tumbo lake. Kilichomkereketa zaidi ni kwamba na yeye alikuwa nao. Aliuamini ule mwanga mwekundu. Kila asubuhi alikoroga unga, akaziba pua, akanywa, na kila alipofua nguo alijipa moyo kwamba uchafu unaisha. Na hata sasa, pamoja na hasira zote, aliogopa. Je, kama Bando anasema kweli? Je, akiingia akiwa mzima na kutoka akiwa pungufu?

— Hodi hapo! Fundi ni nani?

Alikuwa mwanamke mgeni, mnene, amepakata pasi iliyofungwa kwenye gazeti. Akaketi upande wa kushoto kabla mtu hajamwonya, akaruka, akasogea.

— Fundi ni mimi. Ina nini hiyo pasi, mama?

— Haishiki moto.

— Iache. Kesho itakuwa imepona.

— Na hii redio gani isiyo na spika?

— Siyo redio. Inapima homoni za akina mama. Ilikuwa imekufa kabisa, nimeifufua kwa mikono yangu.

— Hongera, baba. Mwanamke akaigeuza mashine, akaitazama huku na huku. Sasa, pasi yangu nitajua imepona ikishika moto. Redio utajua ikiongea. Hii ulijuaje kwamba imepona?

— Iliwaka.

— Hata taa inawaka. Ulijuaje inasema kweli? Ulimpima nani?

Fundi Mawimbi akavuta kitambaa. Akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

— Enhe, fundi, alisema Bando. Ulimpima nani?

— Nilishika mwenyewe.

— Ikasemaje?

— Kuna mambo ya kitaalamu pale...

— Ikasemaje, Mawimbi? Safari hii aliyeuliza alikuwa Dada Birika. Alikuwa amesimama, mikono inachuruzika maji.

Fundi Mawimbi akaiambia miguu yake.

— Ikasema homoni zimeshuka. Kizazi kimejaa uchafu.

Bando akapaliwa na kahawa. Mzee Kikao akatazama barabarani kama anayesubiri gari la ofisi.

— Ilikuwa saa ngapi?

— Adhuhuri hivi. Lakini dada, nilidhani bado inazoea! Nilikuwa nimetoka kula, chakula kapika mke wangu, nikasema labda imedaka mawimbi yake...

— Adhuhuri! Ulijua tangu adhuhuri kwamba hicho chuma kimekukuta na kizazi, ukanyamaza! Ukaniacha nipigiwe kura! Na mkono ukanyoosha!

— Nilinyoosha kikombe.

— Mimi natokwa na damu, Mawimbi. Si stesheni, si antena. Damu!

Mwanamke mwenye pasi akamgeukia Dada Birika, akashusha sauti, ingawa benchi zima lilisikia.

— Inatoka tangu lini, dada yangu?

Dada Birika akajifuta mikono kwenye kanga. Alikumbuka kwamba katika wiki hizo zote, kwa elimu yote iliyomwagwa juu ya ubao ule, hilo hakuulizwa.

— Tangu nianze unga. Naamka nguo zimeloa.

— Mimi si daktari. Sijui ni nini hicho. Na hawa nao hawajui, basi tu hawajasema. Nenda ukatazamwe.

— Wakinikata?

— Uliza kabla hawajagusa. Mdomo si unao? Nimeusikia kutoka kule kona.

Dada Birika akainua birika kubwa, nzito bado, akaimwaga kwenye mtaro mpaka tone la mwisho.

— Kahawa imekwisha.

— Dada, hiyo ilikuwa imejaa! alisema Bando.

— Nimesema imekwisha. Leteni vikombe vyangu.

Wakavileta mmoja mmoja. Mzee Kikao, kama mwenyekiti, akaleta chake mwisho.

Asubuhi yake hakuwasha jiko. Saa moja na robo alikuwa kwenye foleni ya kituo cha afya, kopo la unga ndani ya mkoba, na mdogo wake pembeni akimshika kiwiko kila aliposimama. Muuguzi aliyemwita ndani alikuwa na miwani iliyoning'inia kifuani. Alifungua kopo, akanusa, akalifunga.

— Hii acha kuanzia leo. Sijui ndani kuna nini, na aliyekuuzia nina wasiwasi kama anajua. Tutapima mimba, tutapima wingi wa damu, halafu daktari atakutazama kizazi na mlango wake, na utapigwa picha ya tumbo.

— Mimba? Mwanangu, mimi si ndiyo nakoma hedhi?

— Kuruka siyo kukoma, mama. Mimba bado inaweza kushika. Na damu inayotoka hivi hatusemi ni umri tu, lazima tujue inatokana na nini.

— Na homoni hampimi?

— Kwa umri wako mara nyingi hatuhitaji. Leo ziko juu, kesho ziko chini, kipimo cha siku moja hakitakuambia kitu. Haya uliyonieleza yananiambia zaidi.

Dada Birika akavuta pumzi. Neno lililomnyima usingizi likatoka lenyewe.

— Mtaning'oa kizazi?

Muuguzi hakucheka.

— Hatujatazama hata, mama. Tukikuta kitu utaelezwa ni nini na njia zipi zipo, nyingi hazina kisu. Halafu uamuzi ni wako.

— Na lile joto? Naamka nimelowa kama niliyeogeshwa.

— Lina dawa. Zipo za homoni na zisizo za homoni. Siyo kila mtu zinamfaa, ndiyo maana daktari atakuuliza presha na magonjwa ya nyumbani kwenu kwanza. Una swali jingine?

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje foleni ilikuwa imefika ngazini, mtu fulani alikuwa anakohoa kwa kusudi ili wanaoongea wafanye haraka. Dada Birika akanyanyuka, akausukuma mlango mpaka ukajifunga, akarudi, akavuta kiti karibu na meza.

— Ninayo, alisema. Tena siyo moja.