Mwanamume Aliyejitwika Maji

Ndugu Katibu Kata, Baba Padre uliyetoka Kisarawe, Maalim Salehe wa msikiti wetu, ndugu wageni waalikwa, wazee wenzangu wa baraza la kahawa, na kina mama ambao leo nimewaomba mkae viti vya mbele: wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo.

Mimi Mwinyimadi Pazi, mwenyekiti wa kijiji hiki, nimepewa kazi ya kumuaga Ndugu Didas, mhudumu wa zahanati yetu tangu ilipofunguliwa mwaka 1972. Anastaafu, anakwenda kukaa kwa bintiye kule Gwata. Watu wa Gwata wamepata mtu, sisi tunabaki tukitazamana.

Kazi ya mhudumu ni kufagia, kuchemsha sindano na kuita majina. Maji ya kina mama wanaojifungua yalikuwa juu ya ndugu zao. Lakini Ndugu Didas alipoona mama amefika na uchungu peke yake, alichukua ndoo akaenda kisimani. Nanyi mnajua desturi yetu: mwanamume akichota maji hubeba kwa mzega begani, debe mbele na debe nyuma. Mteremko wa kisima chetu mzega haupiti. Basi akapinda ngata, akajitwika ndoo kichwani kama mama zetu, akapita barazani saa mbili asubuhi, sisi vikombe vikiwa mkononi. Nani alimwita Bi Didas? Msitazamane, ni mimi.

Siku hiyo alitua ndoo akaniambia, "Mwenyekiti, hata katika Injili yumo mwanamume aliyebeba mtungi wa maji. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawili, mkikutana naye mfuateni mpaka nyumba atakayoingia. Ndimo walimokula Pasaka."

"Aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Hakuandikwa."

"Alisema nini?"

"Hakusema."

"Sasa huyo alifanya nini hata akawekwa kitabuni?"

"Alifikisha maji," akajibu, akajitwika, akaenda zake.

Mimi ni Mwislamu, na Baba Padre atanisahihisha, lakini mtu yule nimemfikiria sana. Wale wawili wangemtambuaje katika mji uliojaa watu? Nadhani alikuwa mwanamume peke yake mwenye mtungi, na sina shaka hata kule kulikuwa na baraza la wacheka watu. Angeweza kupita vichochoroni asionekane. Je, angepita huko, wageni wale wangemfuata nani? Hakujua kwamba anafuatwa. Yeye alikuwa anawahisha maji nyumbani. Ndugu Didas naye alikuwa na njia ya vichakani, wala hakuipita hata siku moja.

Sasa niseme lile nililowaficha. Mwaka juzi binti yangu Zena alijifungua pale zahanati, damu ikawa haikatiki. Mkunga Laurentia akatoka mlangoni akasema, "Mzee, pipa la maji limekwisha, nataka maji sasa hivi." Wanawake wote walikuwa shamba la kijiji. Nikashika ndoo, nikafika njia panda, nikawaona wenzangu barazani, nikajua watakavyoniita. Ndugu zangu, niliiweka ndoo chini. Mwanangu yuko ndani anatokwa na damu, mimi naogopa kuchekwa. Sijui nilisimama muda gani. Nilichoona ni Ndugu Didas anapandisha kutoka kisimani, shati limelowa, akanipita bila hata kunisuta. Zena ni yule pale, amempakata mtoto.

Kuanzia kesho pipa lile halina mtu. Katibu Kata ametuahidi bomba, nasi tunamwamini, huu mwaka wa nne. Kwa hiyo kamati imekaa na zamu imepangwa, wanaume watupu. Ya kwanza ni yangu. Mke wangu Mwanahalima amenifundisha uani wiki nzima. Nimevunja mtungi mmoja, na kulowa sikuhesabu. Wazee wa baraza, msijichoshe kucheka, majina yenu yanafuata.

Ndugu Didas, nilikucheka mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi. Uende salama, kaka yangu.

Asanteni kwa kunisikiliza leo. Kesho saa mbili njooni mnitazame.