Generosa Mageni na Bustani ya Shule ya Bulyasele

Baba zangu, mama zangu, nanyi nyote mliolala nasi hapa msibani tangu juzi, mimi ni Onesmo Mageni, mdogo wake marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na nakiri mapema kwamba mengine nitayasoma bila kuyaelewa vizuri.

Marehemu Generosa binti Mageni alizaliwa hapa Bulyasele, upande wa Ushetu, wilaya ya Kahama, tarehe 4 Machi 1914 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, lakini mama yetu, ambaye yuko hai na ananisikia, anasema mtama ulikuwa unavunwa siku ile, na mtama hauvunwi Machi, basi tumeziacha habari zote mbili kama zilivyo.

Mwaka 1925 hadi 1927 alisoma kwa katekista, akajua kusoma na kuhesabu, kisha akaachishwa ili alee wadogo zake, nami nikiwa mmoja wao. Tarehe 12 Juni 1932 alifunga ndoa na shemeji yetu Marselino, wakajaliwa watoto wawili, Cornel mwaka 1935 na Limi mwaka 1938. Mwaka 1940 shemeji alipata kazi kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, marehemu akamfuata, akawapikia wachimbaji uji kwa miaka sita, kisha mwaka 1946 akarudi nyumbani kulima na kuwasomesha watoto.

Januari 1949 mwalimu mkuu wa wakati ule alimwondoa Cornel shuleni, akisema amezidi umri. Marehemu alikwenda kumwombea mara tatu, mara zote tatu akarudishwa mlangoni, na Cornel akaenda kwa baba yake Geita, akiapa kwamba hatakanyaga tena uwanja wa shule ile.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, maana Julai 1951 mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Pantaleo, ambaye tuko naye hapa, aliita mkutano, akaeleza kwamba watoto wanaotoka mbali wanasinzia darasani kwa njaa, anataka bustani ya kuwalisha, na shule haina uzio wala kisima. Wenye ng'ombe walinung'unika, kwa sababu mahali penyewe palikuwa njia yao ya kwenda lamboni. Aliyesimama wa kwanza ni dada.

"Ng'ombe wapite kwangu," alisema, "shamba langu la karanga likateni katikati."

Nilimnong'oneza, "Dada, shule hiihii iliyomfukuza Cornel?"

Akanijibu, "Onesmo, kaa chini, unanizuia kuwaona watu."

Kuanzia wiki ile kila kaya ilileta samadi, wanaume wakakata nguzo na kupanda minyaa, mfanyabiashara mmoja wa Nyasubi akatoa mbegu, ukabaki waya tu, ambao hakuna aliyejua utatoka wapi. Siku moja lori likashusha waya mizunguko sita. Sisi tukamshukuru Bwana Shamba, naye akazipokea shukrani huku akitutazama kama mtu aliyepotea njia.

Desemba 1952 shemeji alikuja likizo, akaikuta nyumba yake bado ya nyasi, wakati yeye alikuwa ametuma fedha za kuiezeka upya. Nilikuwepo.

"Mama Cornel, mabati yangu yako wapi?"

"Yamezunguka mchicha," dada akasema, akamwonyesha upande wa shule.

Nikasogea karibu, nikidhani nitaamua ugomvi, lakini shemeji aliondoka, akauzunguka uzio wote, nami nyuma yake, hadi kwenye shimo la kisima ambalo tulilichimba futi thelathini, tukakuta pakavu, tukaliacha. Akatupa donge la udongo, akasikiliza, akauliza, "Nani aliyeacha kazi hapa?" Kesho yake akashuka na kamba, akazikinga kuta kwa magogo kama walivyofanya mgodini, na yeye aliyekuja likizo kupumzika kazi ya kuchimba akachimba siku tisa, siku ya kumi ndoo ikapanda na tope. Habari za mabati hakuziuliza tena, na nyumba hii tunamomwagia dada yetu machozi ni ya nyasi hadi leo, wala sijui kama shemeji alimsamehe au aliona hakuna la kusamehe.

Juni 1957 marehemu alianza kuumwa tumbo, akatibiwa zahanati, na tarehe 21 Oktoba tukampeleka hospitali Shinyanga. Nikiwa kando ya kitanda nilimuuliza lile lililonisumbua miaka sita, kama aliisamehe shule au alitaka kuiaibisha.

"Hata mimi sijui, Onesmo," akasema. "Nilikuwa na hasira, na watoto walikuwa na njaa, vyote vikanijia siku moja."

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1957, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, akaacha mama yetu, mume, watoto wawili, na wajukuu wawili walioko Mhunze kwa Limi.

Jana Cornel aliwasili kutoka Geita, tukamtafuta hapa nyumbani tusimwone, nikamkuta bustanini, anavuta maji kisimani na kumwagilia matuta, nguo za safari bado mwilini. Nilipofungua mdomo akasema, "Mjomba, usiniulize." Sikumuuliza.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Shinyanga, majirani waliotuletea kuni na maji, Mwalimu Pantaleo na walimu wenzake, wachimbaji waliosafiri na shemeji, na watoto wa shule walioleta mboga tunazokula hapa, ingawa hatujui nani aliwatuma.

Dada Generosa, umefanya kazi, sasa pumzika, amani ya Mungu ikufunike, na haya tusiyoyaelewa tuachie sisi.