Bi Hesabu na Nusu ya Karatasi

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ni mdogo wake marehemu, seremala. Familia imenituma nisifiche kitu, maana dada yetu hakuwa mtu wa kufunikafunika.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi baiskeli na mama mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, kisha akasoma miaka miwili katika shule ya ufundi wa nyumbani. Huko ndiko alikofundishwa kufuma. Mwalimu wake alikuwa mkali kama pilipili. Ukikosea kitanzi kimoja alikufumulia sweta zima na kukurudishia uzi. Dada alifumuliwa mara nne. Mara ya tano mwalimu alitafuta kosa mpaka akachoka.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika karakana ya kufuma sweta za shule, orofa ya pili, juu ya duka la fundi viatu. Alikaa pale miaka thelathini na minane. Wenzake walimwita Bi Hesabu, kwa sababu alihesabu vitanzi huku akipiga soga na hakupoteza hata kimoja. Kazini alitumia mashine. Nyumbani alifuma kwa sindano mbili na karatasi ya maelekezo, na kadiri karatasi ilivyokuwa ngumu ndivyo alivyochangamka. Alisema raha yake ni ule mstari ambao huuelewi, unaufuata hivyo hivyo kwa imani, halafu baada ya mistari kumi ua linajitokeza lenyewe.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na mwoka mikate wa mtaa wa pili. Kabla ya uchumba alikuwa amekwisha kumfumia sweta, likamkaa kama ngozi. Shemeji akashangaa, "Nani kakupa vipimo vyangu?" Dada akamjibu, "Ukinigeuzia mgongo kwenda kwenye tanuri, wadhani natazama mikate?" Walijaliwa watoto wawili. Shemeji alitutangulia mwaka 2011.

Januari mwaka jana, 2023, dada alianza sweta la mwanawe wa kiume, anayefanya kazi kwenye ghala la barafu. Alichagua karatasi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, yenye misuko minne kifuani. Mgongo ulimalizika vizuri. Alipoanza kifua, alihesabu kwa sauti: sitini na tatu, sitini na nne, sabini na moja. Binti yake akacheka.

"Mama, umeruka."

"Sijaruka. Wewe ndiye umechelewa."

Tukacheka wote. Siku nzima tuliurudia mzaha huo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuurudia.

Wiki iliyofuata alilalamika kwamba karatasi imechapwa vibaya, maneno hayana mwanzo. Akaifuta, akabadilisha miwani, akaisogeza dirishani. Kifuani mwa sweta, misuko ya upande wa kulia ilikuwa imenyooka; ya kushoto haikuwepo. Mahali pake palikuwa na uzi uliolegea, kama vile pamefumwa na mtu mwingine. Mezani alikula nusu ya sahani akaomba aongezewe, na chakula kingine kiko pale pale mbele yake. Binti yake alipoigeuza sahani, dada aliitazama. Kisha akauliza taratibu, "Hiki kilikuwa wapi?" Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Tulimpeleka hospitali. Daktari hakuanza na mashine za picha. Aliona karatasi ya kufuma imechomoza mfukoni mwa dada, akamwambia, "Mama, nisomee mstari huu." Mstari ulisema: vitanzi sita sokota kulia, vinne geuza, viwili unganisha. Dada akasoma, "Vinne geuza, viwili unganisha." Akasoma mistari mitano, na kila mmoja aliuanzia katikati. Picha zilionyesha uvimbe kichwani, upande wa kulia, mahali ambapo kisu kisingefika bila kuharibu. Kila wiki upande wa kushoto wa dunia ungezidi kumpotea.

Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Nisomeeni."

Basi binti yake alihamia kwake, akawa anaketi kuliani na kumsomea mstari mmoja mmoja. Kifua kilifumuliwa na kurudiwa. Kilimchukua miezi saba. Mkono wa kulia wa sweta ukamchukua miezi mitano. Mwezi Machi mwaka huu mkono wake mwenyewe wa kushoto uliacha kumtii. Asubuhi moja aliukuta mapajani akamwambia binti yake, "Mwambie mwenye mkono huu auondoe, nataka kufuma." Binti aliushika, akaukumbatia, kisha akaishika yeye sindano ya kushoto, na mama akaendelea kufuma kwa mkono wa kulia.

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Binti yake alikuwa amesoma mstari wa tisini na sita wa mkono wa pili wa sweta, akisubiri aambiwe aendelee.

Mkono wa kushoto wa sweta aliumaliza binti kwa siku nne zilizopita. Umepinda. Mwana wa marehemu amelivaa, mnamwona. Jana nilimshauri lifumuliwe pale palipopinda, akaniambia, "Mjomba, usiliguse."

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wadogo wawili.

Dada, weka sindano chini sasa. Pumzika kwa amani.